Aliyezaliwa katika dunia nyingine husema lugha gani?

Mtu anakufa Japani. Anapofumbua macho, kumbe yumo mikononi mwa mama asiyemjua, katika nchi yenye majoka na wachawi, na bado anakumbuka maisha yake ya kwanza yote. Hivyo ndivyo zinavyoanza riwaya, manga na anime nyingi za Kijapani za miaka hii. Wengi wetu tunazitazama kwenye simu, maandishi ya Kifaransa yakipita chini ya picha. Watazamaji huuliza shujaa atapata nguvu gani. Sisi tunaosoma lugha tuna swali linalotangulia hilo: mama yule akimsemesha, mtoto anaelewa namna gani?

Swali linaonekana dogo, ila kila mwandishi wa hadithi hizi analazimika kulijibu, hata akitaka kulikwepa. Jibu lake huonyesha anaamini lugha ni kitu gani: zawadi, urithi au kazi.

Majina mawili, vitenzi viwili

Wajapani huziita hadithi hizi isekai. Neno hilo lina vipande viwili: i, yaani tofauti au geni, na sekai, yaani dunia. Ndani ya isekai mna matawi mawili. Katika tensei shujaa anakufa na kuzaliwa tena. Katika ten'i shujaa anachukuliwa jinsi alivyo, na mwili wake na nguo zake, mpaka dunia nyingine. Hadithi nyingi za namna hii zilitoka kwanza katika tovuti ya Shōsetsuka ni Narō, iliyoanza mwaka 2004. Jina lake ni kama kusema "Tuwe waandishi wa riwaya". Hadithi za tensei na ten'i zilijaa humo hata mwaka 2016 zikatengewa orodha yao ya peke yake.

Tensei ni neno la zamani kuliko riwaya hizi. Limetoka katika dini ya Kibuddha, ambako rinne tensei ni mzunguko wa kuzaliwa, kufa na kuzaliwa tena. Katika mafundisho hayo mzunguko ni mateso, na mwenye hekima hutafuta njia ya kutoka ndani yake. Waandishi wa riwaya wameligeuza. Kwao kuzaliwa tena ni nafasi ya kutengeneza maisha yaliyoharibika.

Kwa Kiswahili tuliite nini? "Kufufuka" halifai. Anayefufuka anarudi katika mwili wake na kwa watu wake, ndiyo maana neno hilo tumeliacha kwa Pasaka. "Kuzaliwa mara ya pili" limekwisha kuchukuliwa na Injili ya Yohana, sura ya 3. Ukilitamka hapa Lubumbashi, msikilizaji atadhani unamwalika kwenye maombi. Napendekeza tuseme "kuzaliwa kwingine" kwa tensei na "kuhamishwa" kwa ten'i.

Vitenzi vyote viwili viko katika kauli ya kutendwa, na inafaa hivyo, kwa sababu mara nyingi shujaa hakuomba safari hiyo. Lakini mtendaji si yule yule. Ukisema "amezaliwa", swali linalofuata ni "na nani?", na jibu ni jina la mama. Ukisema "amehamishwa", jibu ni mungu, mchawi au mfalme aliyemwita. Tofauti hii ya sarufi inagusa swali letu moja kwa moja. Aliyezaliwa ana mama wa kumfundisha kusema. Aliyehamishwa hana mtu.

Lugha ya bure na lugha ya nusu

Kwa kuwa aliyehamishwa hana mwalimu, waandishi wengi humpa lugha bure. Katika KonoSuba ya Natsume Akatsuki, ambayo kitabu chake cha kwanza kilitoka mwaka 2013, kijana Kazuma anakufa, kisha mungu wa kike Aqua anampeleka dunia nyingine akiwa na mwili wake ule ule. Lugha ya huko itaingizwa kichwani mwake mara moja, ila anaonywa kwamba ubongo unaweza kuharibika katika shughuli hiyo. Ni mzaha, lakini una maana. Mwandishi anajua kwamba lugha nzima haiwezi kumwagwa kichwani mwa mtu kama maji katika ndoo, kwa hiyo anacheka kabla msomaji hajamcheka.

Tappei Nagatsuki, katika Re:Zero, amechagua njia ya katikati. Subaru anatoka dukani usiku na kujikuta katika mji wa kigeni. Anasema na watu bila shida, nao wanamwelewa. Lakini akitazama maandishi ya mahali pale, haoni hata herufi moja anayoijua. Dunia hiyo ina miandiko mitatu, I, Ro na Ha, na majina hayo yamefuata mpango wa kale wa kupanga silabi za Kijapani. Subaru, kijana mkubwa, anakaa na Ram, mtumishi wa nyumba kubwa, afundishwe mwandiko wa watoto. Anayefundisha watu wazima kusoma anaijua hali hii vizuri: mtu aliyekamilika katika mazungumzo, lakini barua ikifika lazima amtafute wa kumsomea.

Kuna na njia ya kuliondoa swali lenyewe. Katika hadithi ya Satoru Yamaguchi iliyoanza mwaka 2014, Katarina Claes, binti wa kabaila mwenye miaka 8, anagonga kichwa na kukumbuka kwamba zamani alikuwa mwanafunzi wa sekondari Japani. Tena anagundua kwamba dunia anayoishi ni ya mchezo wa video aliokuwa akiucheza, na yeye ndiye yule mhusika mwovu ambaye mwisho wake ni kufukuzwa nchini au kuuawa. Hapa lugha haimsumbui mtu. Binti amelelewa humo miaka minane, na mchezo wenyewe ulitungwa na Wajapani. Aliyezaliwa ndani ya kitabu anakuta lugha imekwisha kuandikwa.

Lugha kwa jasho

Mwezi wa Novemba 2012, mwandishi anayetumia jina la Rifujin na Magonote alianza kutoa Mushoku Tensei. Shujaa ana miaka 34, hana kazi, ndugu zake wamemfukuza nyumbani. Anagongwa na lori akijaribu kuwaokoa vijana wa sekondari. Lori hilo limekuwa kawaida sana katika hadithi hizi hata mashabiki wakalipa jina, Torakku-kun. Kun ni kiambishi cha kuita wavulana, kama vile lori nalo ni mtoto wa mtaani.

Anazaliwa kwingine, na jina lake sasa ni Rudeus. Watu wanaomtazama wanasema, na yeye haelewi. Ana akili ya mtu mzima, lakini sauti zile kwake ni kelele. Anajifunza kama mtoto mwingine yeyote: kwa kusikiliza, siku baada ya siku. Kisha anajifunza kusoma kwa vitabu vichache vya nyumbani. Baadaye mwalimu wake Roxy anamtumia kitabu alichokiandika kwa mkono kuhusu lugha ya taifa lake. Rudeus anakisoma. Anapotupwa kwa uchawi katika bara la watu hao pamoja na msichana Eris, yeye anaweza kusema nao, na Eris, binti wa nyumba kubwa aliyezoea kuamuru, hawezi kuomba hata maji.

Nadhani hapo mwandishi ameona sawa. Katika dunia yake uchawi ni mwingi, lakini hakuna uchawi uliompa Rudeus lugha. Aliilipia kwa muda.

Neno lisilokuwapo

Mfano ulio bora kwangu ni Honzuki no Gekokujō ya Miya Kazuki, iliyoanza mwaka 2013 na kuwa anime mwaka 2019. Urano, msichana anayependa vitabu kuliko chakula na ambaye karibu angepata kazi ya maktaba, anafunikwa na vitabu vyake wakati wa tetemeko la ardhi. Anaamka akiwa Myne, mtoto wa miaka 5, mgonjwa, binti wa askari wa lango la mji.

Mwandishi amempa lugha kwa njia ya urithi. Myne wa kwanza alikuwa amekwisha jifunza kusema, na kumbukumbu zake zimebaki kichwani. Kwa hiyo Urano anaelewa mama anachosema. Lakini urithi huo ni wa mtoto wa nyumba maskini. Anapotaka kuomba kitabu, anatafuta neno katika kumbukumbu za Myne na halipo. Katika nyumba ile hakuna aliyewahi kuwa na kitabu, basi hakuna aliyemfundisha mtoto neno lake. Analisema kwa Kijapani, hon, na mama anauliza hicho ni kitu gani.

Hapo hadithi ya kubuni inatufundisha jambo la kweli kuhusu msamiati. Mtoto harithi lugha yote ya nchi yake. Anarithi ile sehemu iliyofika nyumbani kwao. Kiswahili chenyewe ni ushahidi. Maneno kitabu, karatasi na kalamu yametujia kutoka Kiarabu, pamoja na vitu vyenyewe. Kitabu limekaa hata tukalifanya letu, ki- yake tukaifanya kiambishi cha ngeli, na wingi ukawa vitabu.

Myne hangoji neno limfikie. Anaamua kutengeneza kitu chenyewe. Anajaribu manyasi, anajaribu vibao vya udongo vinavyopasukia jikoni, anajaribu vijiti vya mbao ambavyo mama anavichukua kuwa kuni. Mama hana ubaya. Kwake mbao ni kuni, kwa sababu kile kingine hakina jina.

Kuna na Otto, anayefanya kazi langoni pamoja na baba. Anamfundisha Myne herufi juu ya kibao cha kuandikia, na anashangaa kuona mtoto huyu anajua hesabu. Hesabu Urano alikuja nayo. Alichokosa ni alama za kuiandikia. Kwa maneno mengine, ujuzi ulivuka kifo, alama zikabaki ng'ambo.

"Mimi" wawili

Wafasiri wana shida nyingine. Kijapani kina maneno mengi ya kusema "mimi". Ore ni la kiume na la kujiamini, boku ni laini zaidi, watashi ni la adabu. Rudeus anaposimulia moyoni hutumia ore, sauti ya yule mtu wa miaka 34. Anaposema na wazazi hutumia boku, sauti ya mtoto mwema. Msomaji wa Kijapani anasikia watu wawili katika mwili mmoja. Katika Kifaransa wote wawili wanakuwa je, na yule mtu mzima aliyejificha anapotea.

Kiswahili nacho kina "mimi" tu. Lakini sisi wa Lubumbashi tuna njia ambayo Kifaransa sanifu hakina. Tunaishi na Kiswahili viwili. Kimoja kinasema "watu wanakuja", kingine "bantu banakuya". Mfasiri angeweza kumpa Rudeus kimoja cha moyoni na kingine cha mdomoni, na kila msomaji wa hapa angesikia mara moja nani anasema. Anayedhani Kiswahili chetu cha mjini hakiandikiki akumbuke kwamba mwaka 1965 André Yav alikiandikia historia nzima ya Elisabethville, na Johannes Fabian akaitoa kama kitabu mwaka 1990.

Ujuzi bila maneno

Hadithi za tensei ni za kujipumzisha, na nyingi ni dhaifu. Ila zile zinazolitazama swali la lugha bila kulikwepa zinaonyesha kitu tunachokiona kila mwezi wa Septemba. Katiba ya mwaka 2006 inasema Kifaransa ni lugha rasmi, na Kikongo, Lingala, Kiswahili na Ciluba ni lugha za taifa. Mtoto aliyekulia katika mojawapo ya lugha hizo anaingia katika dunia nyingine siku ya kwanza ya masomo. Jana alimsaidia mama kuuza sokoni na kurudisha chenji bila kukosea. Leo hesabu ile ile iko ubaoni kwa maneno asiyoyajua, na anaonekana mjinga.

Si mjinga. Ni Myne mbele ya Otto, mwenye hesabu bila alama. Otto hakusema mtoto hana akili. Alimpa kibao, akamwonyesha herufi moja moja, akangoja. Wenzangu wengi katika kitivo hiki watafundisha. Siku mwanafunzi atakaponyamaza mbele ya swali, inafaa kumuuliza tena kwa lugha aliyokuja nayo, kabla ya kuandika sufuri.