Malenga Aliyeacha Kalamu Akashika Bunduki

Wengi wetu tumesikia habari za Wilfred Owen, malenga kijana wa Uingereza aliyeuawa vitani Ufaransa tarehe 4 Novemba 1918, akiwa na miaka 25. Vita vilikuwa vimebakiza wiki moja tu viishe! Lakini kwani Afrika haina malenga wa aina hiyo? Yuko, tena aliwahi kufika hapa jirani.

Jina lake ni Christopher Okigbo, Mwigbo wa Ojoto, Nijeria, aliyezaliwa mwaka 1932. Juni 1962 alihudhuria mkutano wa waandishi wa Afrika katika Chuo cha Makerere, Kampala, ng'ambo ya ziwa letu. Ngugi wa Thiong'o, wakati huo bado mwanafunzi, alikuwapo. Grace Ogot, binti wa Asembo, alikuwapo pia.

Mashairi ya Okigbo ni magumu, tusidanganyane. Alisomea Kilatini na Kigiriki huko Ibadan, kisha akachanganya elimu hiyo na habari za Idoto, mungu wa kike wa mto wa kijijini kwao. Sisi tuliokua tukisimuliwa kisa cha Nyamgondho na mke aliyetoka ziwani, hapo hatupotei sana. Mwaka 1966 alishinda tuzo ya ushairi kule Dakar, akaikataa kwa sababu ilitolewa kwa misingi ya rangi. Hakuwa mtu wa kubebwa.

Basi, Mei 1967 Biafra ikajitenga na Nijeria, na Julai vita vikaanza. Okigbo akajiunga na jeshi la Biafra, akawa meja. Mwaka huohuo akauawa karibu na Nsukka, mji ambao zamani alikuwa mkutubi katika chuo kikuu chake.

Mwaka 1971 Ali Mazrui, msomi wetu wa Mombasa, alitoa riwaya ambamo Okigbo anashtakiwa ahera kwa kosa la kuweka watu wake mbele ya sanaa. Anayemtetea ni Mkenya, Hamisi.

Nasi chamani tukamshtaki upya. Upande mmoja ulisema malenga ni mali ya wote, hana ruhusa ya kujitoa. Wa pili ukauliza: ndugu zake wanakufa, yeye akae akihesabu mizani? Mimi nilisema alikosea. Bunduki ile angeweza kuishika mtu mwingine, lakini mashairi ambayo hakuyaandika, nani atayaandika? Tulishindwa kwa kura mbili. Ubishi ukahamia bwenini, na taa zilipozimwa bado tulikuwa tunazozana gizani.