Kabla ya Leza, Acha Kufikicha Macho

Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kabarak wanaopanga nyumba huku Kiamunyi huniuliza leza ya macho ni pesa ngapi, na kama kweli watatupa miwani. Mimi huwauliza kwanza: wewe hufikicha macho?

Leza huchonga konea, kile kioo kilicho wazi mbele ya mboni, na kinachochongwa hakirudi. Konea ya kawaida ina unene wa maikroni 540 hivi, yaani nusu milimita na ushei. Katika upasuaji wa LASIK daktari hukata kifuniko cha maikroni 110 hivi, hukifunua, leza huchonga chini yake, kisha hukirudisha. Kila dayopta moja, yaani kipimo cha nguvu ya miwani, hula maikroni 12 hadi 15. Sasa chukua kijana mwenye miwani ya -8 na konea ya maikroni 480. Toa 110 za kifuniko, toa 112 za leza (8 mara 14): zimebaki 258. Kiwango cha chini kabisa ni 250, na madaktari wengi hupenda 300. Huyo mimi simpeleki LASIK hata aje na pesa zote mkononi.

Tena unene si kila kitu. Kuna keratokonasi, ugonjwa unaoidhoofisha konea hadi ikachongoka mbele kama ncha ya pia. Mara nyingi huanza ujanani, na kufikicha macho huuchochea. Hapa kwetu, vumbi la Januari na Februari likipanda kutoka barabara za ndani, wenye aleji hufikicha macho mchana kutwa. Wengine wamefanya hivyo tangu shule ya msingi. Konea iliyodhoofika hivyo ikichongwa inazidi kulegea, na mtu huishia kuona vibaya kuliko alivyokuja. Mwenye keratokonasi inayozidi kuendelea hupewa matone ya vitamini B2 na mwanga wa urujuanimno ili konea ikaze. Aleji nayo itibiwe na daktari, maana matone ya steroidi yanayonunuliwa kiholela dukani yanaweza kupandisha presha ya jicho na kuleta glakoma.

Mengine ni mepesi kueleza. Uwe umetimiza miaka 18, na namba ya miwani iwe haijabadilika kwa mwaka mzima. Mjamzito na anayenyonyesha wasubiri. Macho makavu yatibiwe kwanza, kwa sababu LASIK huyakausha zaidi. Aliyekaribia miaka 40 ajue kwamba miwani ya kusomea itamfuata vilevile.

Ukienda kupimwa, vua lenzi laini za machoni wiki mbili kabla, maana hubadilisha umbo la konea. Omba ramani ya konea ya macho yote mawili, unene wake, na hesabu ya kitakachobaki. Ondoka na nakala. Baada ya leza, kipimo cha presha ya jicho huweza kusoma chini kuliko ilivyo, na daktari atakayekupima glakoma miaka 20 ijayo atazihitaji namba hizo.