Tiki Mbili Hazimfikishi Mtu Jukwaani

Swali ni lile lile, litoke ukumbi wa shule huku Karen au kikundi cha kanisa: ya nini kumtafuta mtu wa kuwaita waigizaji jukwaani na kundi la WhatsApp lipo? Kwa sababu kuita si kutuma ujumbe. Tiki mbili za buluu zinakwambia ujumbe umefunguliwa kwenye simu, basi. Pengine kaifungua mpaka vipodozi, mwenyewe yuko msalani. Tena mwigizaji aliyevaa shuka na shanga hana mfuko wa simu, na akiificha kiunoni, mwanga wake utamuumbua gizani kando ya pazia. Kanuni tuliyorithi kwa Waingereza, ambao kumbi zao za London ziliwahi kuajiri wavulana kwa kazi hii tu, haina utata: mwitaji hubisha mlango, hutaja muda, na habanduki mpaka ajibiwe “asante”. Jibu hilo ndilo kazi yenyewe. Hesabu nayo haianzii pazia linapofunguliwa, bali dakika 5 kabla, waigizaji wa mwanzo wanapotakiwa kuwa tayari. Kwa hiyo, kwa onyesho la saa moja usiku, mwito wa “nusu saa” hutolewa zikiwa zimebaki dakika 35, wa “robo” zikibaki 20, wa “dakika tano” zikibaki 10. Ujumbe uliokwama hewani dakika 6 umekwisha kuwa uongo.

Wapo wanaodai mwigizaji ni mtu mzima, asikilize mchezo kwenye spika ya chumba cha kuvalia. Spika inasaidia, sikatai, lakini inaeleza mchezo umefika wapi. Mwigizaji yuko wapi, haijui. Tazameni Bomas of Kenya, jirani zetu wa Lang'ata: wachezaji hutoka ngoma ya jamii moja, hubadili mavazi mbiombio, hurudi kucheza ya nyingine. Ngoma zikivuma vile, nani atasikia mlio wa simu?

Hamna fedha? Chukueni msaidizi wa msimamizi wa jukwaa asiyeigiza, hata mwanafunzi, mradi haogopi kubisha mlango. Saa yake ilingane na ya msimamizi. Awe na orodha, aite kwa majina, na wa sehemu za baadaye za mchezo awaite kwa zamu zao. Na pazia lisifunguliwe kabla hajarudi kusema wote wapo.