Metro ya Paris: treni isiyobeba mazutu inakula nini?

Mtu akitoka Goma ao Bukavu kutembelea ndugu zake Paris, siku moja atapelekwa Château Rouge kununua sombe na makayabu. Atapanda metro, laini ya 4. Hatasikia harufu ya mazutu. Na akienda mbele kabisa kutafuta shofere, atakuta kioo tu na giza ya njia ya chini ya udongo: mwaka wa 2024 laini hiyo yote inatembea bila shofere ndani.

Basi ni nini inaisukuma?

Ni umeme, lakini treni haiubebi. Inauokota njiani. Umeme wa nguvu kubwa unatoka kwenye mtandao wa inchi na kuingia ndani ya kabine za metro. Kabine hizo zinapunguza nguvu yake, sawa vile kabine ya SNEL inafanya mtaani, halafu zinaugeuza uwe wa mwelekeo mmoja, kama ule wa batri. Mwishoni unabaki volti 750. Nyumba ya mtu wa Bukavu inapokea 220.

Umeme ule unapita katika reli ya tatu, iliyo pembeni ya zile mbili za magurudumu. Chini ya treni kuna kipande cha chuma, wanakiita kiatu, kinachoteleza juu ya reli hiyo na kupeleka umeme kwa mota. Kisha unarudi kabine kwa kupitia reli za kawaida, maana umeme usio na njia ya kurudi hauzungushi kitu. Laini ya 4 inatembea juu ya tairi za mpira, kwa hiyo yenyewe inachukua umeme kwenye vyuma vya kandokando. Wakati wa kufunga freni, mota zinageuka kuwa jenereta: umeme unarudi, na treni nyingine iliyo karibu inaweza kuutumia.

Kuhusu kuendesha, njia imegawanywa vipande, na treni haiingii kipande chenye treni nyingine. Kwenye laini zisizo na shofere, ordinatere zinahesabu umbali na mwendo, na watu wa chumba cha uongozi wanaangalia. Kwenye laini nyingi zingine shofere angali yuko. Hata hivyo, mara nyingi mashini ndiyo inaendesha kati ya stasio mbili. Yeye anafunga milango na kutoa amri ya kuondoka.

Yote hayo yanaonekana rahisi mpaka umeme unapoharibika. Tarehe 10 Agosti 1903, kwenye laini ya 2, mota ya treni moja iliwaka. Magari yalikuwa ya mbao. Abiria walishushwa, treni ikasukumwa ikiwa tupu, moto ukashika sana karibu na stasio ya Ménilmontant. Nyuma yake treni ingine iliyojaa watu ilisimama Couronnes. Waliambiwa watoke haraka. Inasimuliwa kwamba wamoja walikataa, wakidai kwanza warudishiwe santimu 15 za tike. Moshi ukafika, na taa zikazimika, sababu zilikuwa kwenye umeme uleule wa treni. Katika giza, wengi walikimbilia upande usio na mlango. Watu 84 walikufa siku ile.

Kisha msiba huo, taa za stasio zilipewa umeme wao mbali, njia za kutokea zikawekewa alama zenye mwangaza, na chuma ikachukua nafasi ya mbao. Leo, stasioni na ndani ya njia, kuna visanduku vya kukata umeme wa reli wakati wa hatari. Telefone ikianguka kwenye reli, mtu asishuke hata kama treni haionekani: reli ya tatu ina umeme hata wakati hakuna treni. Anaita mfanyakazi wa stasio, naye ndiye anajua namna ya kuiokota.