Fahamu: Ukitaka VLC ikuze picha, unamwomba nani?

Marudio ya mpira yanaonyesha mguu wa mshambuliaji karibu na mstari wa kuotea, nawe unataka kuikuza picha. Kwenye simu ungetanua vidole viwili tu. Kwenye kompyuta, VLC, programu ya kuchezea video, inayo njia ya kukuza video, ila imezikwa ndani ya menyu ya athari na vichujio, na wengi huishia kuomba kitu ambacho tayari kipo.

VLC ilianza mwaka 1996 kama mradi wa wanafunzi wa École Centrale Paris, na tangu 2001 iko chini ya leseni huria ya GPL. Ombi la kipengele kipya huandikwa kwenye tovuti ya GitLab ya mradi huo, hadharani. Hakuna huduma kwa wateja. Wengi wanaochangia hujitolea.

Kwa hiyo sema unachotaka. "Kukuza" kwaweza kuwa kupanua dirisha, kukata kingo nyeusi, au kusogelea sehemu moja ya picha, na kila moja ni kazi tofauti kwa mwandishi wa programu. Taja pia toleo unalotumia. Usitegemee miujiza: video ya 720p ikikuzwa mara mbili, skrini nzima inajazwa na pikseli 640 kwa 360 pekee.

Asiyetaka kusubiri ajaribu mpv, programu huria nyingine. Humo Alt na alama ya kujumlisha hukuza picha, Alt na mishale huisogeza. Kwa maoni yangu, ndivyo ilivyopaswa kuwa kila mahali.