Mpiga Picha Aliyepofushwa na Bundi

Sehemu nyingi za Kenya bundi akilia juu ya paa watu huona ni mkosi, wakamfukuza kwa mawe. Lakini Uingereza alikuwako bwana mmoja ambaye bundi alimpofusha jicho kweli, si kwa uchawi bali kwa ukucha, na hata hivyo hakuacha kuwaandama ndege hao kwa kamera. Jina lake Eric Hosking, aliyezaliwa mwaka 1909.

Kumpiga picha bundi porini si kama kumpiga picha kuku uani. Yeye huamka watu walalapo. Manyoya ya ukingo wa mbele wa bawa lake yana vijino kama vya kitana, navyo hutuliza upepo hata akipita karibu na sikio la mtu hasikiki. Lakini yeye mwenyewe husikia mno: bundi mweupe aweza kumkamata panya katika giza tupu kwa kufuata mchakacho wake tu.

Kwa hiyo wapiga picha hujificha ndani ya kibanda cha turubai. Hukiweka mbali kwanza, kisha hukisogeza kidogo kidogo kwa siku kadhaa, mpaka ndege akizoee kama azoeavyo kichaka. Siku ya kazi watu wawili huenda pamoja. Mmoja huingia, na wa pili huondoka waziwazi. Ndege hudhani wote wamekwenda zao. Ni hila ya kitoto, lakini yafaa. Baada ya hapo ni kukaa kimya saa baada ya saa, pasipo kukohoa.

Mwaka 1937 Hosking alikuwa Wales akiwapiga picha bundi wa kahawia, ambao huwa wakali sana wawapo na makinda. Usiku mmoja alikuwa akipanda kwenda kibandani, kilichojengwa juu karibu na kiota. Hakuona kitu wala hakusikia kitu. Ghafula alipigwa usoni kwa nguvu, na ukucha ukazama katika jicho lake la kushoto. Alipelekwa London kutibiwa. Jicho likaingia uchafu, na kwa kuwa hatari ingeweza kulifikia hata lile zima, waganga waliling'oa. Alikuwa hajatimiza miaka 28, na kazi iliyompa chakula ni ya macho. Wengi wangeuza kamera. Yeye alirudi kwa bundi.

Ilibaki taabu ya mwanga. Balbu za siku zile ziliwaka mara moja tu, kisha zikatupwa, na mwanga wake ulidumu kiasi cha kuyafanya mabawa yaonekane kama ukungu. Baada ya Vita Kuu ya Pili alipata taa ya umeme iliyomulika kwa sehemu ndogo mno ya sekunde, ikaweza kumsimamisha ndege arukaye. Mwaka 1948 alipata picha iliyomtangaza kuliko zote: bundi mweupe ameinua mabawa yote mawili, uso umeelekea kamera, na panya wa shambani yumo mdomoni. Mkulima yeyote akiitazama ataona ni nani amlindiaye nafaka yake usiku.

Hosking alifariki mwaka 1991. Kitabu cha maisha yake, kilichotoka mwaka 1970, alikiita An Eye for a Bird, maana yake ni mtu mwenye jicho la kutambua ndege. Lakini maneno hayo yaweza pia kusomwa kuwa ni jicho lililotolewa kwa ajili ya ndege.