Thamani ya Timu ya Kandanda

Siku APR inapokutana na Rayon Sports, mkazi wa Kabeza hahitaji kutazama kalenda. Tangu mchana fulana nyeusi na nyeupe kwa upande mmoja, na za buluu kwa upande wa pili, huonekana zikielekea Remera, kwenye uwanja wa Amahoro. Mabishano huanza njiani, na mara nyingi huishia katika swali moja: ni timu ipi yenye thamani kubwa zaidi? Huyu huhesabu vikombe. Yule hutaja majina ya washambuliaji. Kila mmoja ana sehemu ya ukweli, lakini hakuna aliyelijibu swali lenyewe.

Katika nchi yetu ng'ombe wa inyambo husifiwa kwa pembe zake ndefu. Hata hivyo mfugaji anayetafuta ng'ombe wa maziwa hutazama kiwele, hauliza pembe. Vivyo hivyo, thamani ya timu kwa hesabu ya fedha haimo ndani ya kabati la vikombe. Ni kiasi ambacho mtu mwenye busara angekubali kukitoa leo ili apate haki ya kupokea mapato ya timu hiyo katika miaka ijayo, baada ya gharama zote kulipwa. Kikombe kina maana katika hesabu hiyo kwa sababu huvuta watu na kufungua njia ya mashindano makubwa zaidi.

Mwaka 2017 klabu ya Simba ya Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 1936, ilimteua mfanyabiashara Mohammed Dewji kuwa mwekezaji wake, kwa ahadi ya shilingi za Tanzania bilioni 20 kwa hisa asilimia 49, wanachama wakibaki na asilimia 51. Tukipiga hesabu, ikiwa asilimia 49 ni bilioni 20, basi klabu nzima ilikadiriwa kufikia karibu bilioni 41. Bei hiyo haikuwa ya mipira na viatu. Ilikuwa ni bei ya watu: mamilioni ya mashabiki ambao watakuwa wa Simba hata timu ikifungwa.

Kwa hiyo chanzo cha kwanza cha thamani ni wapenzi wa timu. Uwanja wa Amahoro uliokarabatiwa, ambao ulizinduliwa rasmi tarehe 1 Julai 2024, hauhitaji maelezo marefu kwa askari: mchezo wa uzinduzi ulikuwa kati ya APR na Police FC. Uwanja huo una viti 45,000. Tuchukue mfano tu kwamba kila kiti kinauzwa faranga 2,000. Mapato ya mlangoni yatakuwa faranga milioni 90. Ni fedha nyingi. Lakini katika ligi yenye timu 16, kila timu hucheza nyumbani mara 15, na mpinzani mkubwa huja mara moja tu. Je, viti vingapi hujaa katika michezo 14 iliyobaki? Hapo ndipo mnunuzi makini huanza kuuliza. Umati wa siku moja ni sherehe. Umati wa kila juma ndio mapato.

Chanzo cha pili ni haki za matangazo. Mwezi Mei 2021, Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania lilitia saini na Azam Media mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Ni dhahiri kwamba hakuna timu moja ambayo ingeweza kuuza haki hizo peke yake, kwa kuwa timu haiwezi kucheza na kivuli chake. Thamani ya timu moja, basi, hutegemea pia uimara wa wapinzani wake na heshima ya ligi yenyewe: ratiba isiyoyumba, waamuzi wanaoaminiwa, na matokeo yasiyojulikana kabla ya filimbi ya mwisho. Anayemdhoofisha mpinzani wake nje ya uwanja hupunguza thamani ya mali yake mwenyewe.

Chanzo cha tatu ni udhamini. Mwaka 2018 nchi yetu iliingia mkataba na Arsenal ya London, na maneno ya kuitangaza Rwanda yakawekwa kwenye mkono wa fulana. Arsenal haikuuza mchezaji wala kiwanja siku hiyo. Iliuza nafasi ndogo ya kitambaa, kwa sababu kitambaa hicho hutazamwa na dunia nzima. Hapa nyumbani, kiwanda cha bia cha Skol kimeshirikiana na Rayon Sports tangu mwaka 2014 kwa sababu iyo hiyo: palipo na macho ya watu, mfanyabiashara huleta fedha.

Chanzo cha nne ni wachezaji, na hapa yafaa tuwe waangalifu. Mchezaji si mali ya timu. Mali ya timu ni mkataba wake. Mkataba hupungua thamani kila mwezi unaopita, na siku unapokwisha mchezaji huondoka bila timu kupata kitu. Haruna Niyonzima alitoka APR kwenda Yanga mwaka 2011, na mwaka 2017 akahamia kwa mahasimu wao, Simba. Aidha, kanuni za FIFA hutenga asilimia 5 ya ada ya uhamisho kwa klabu zilizomlea mchezaji tangu umri wa miaka 12 hadi 23. Lakini klabu isiyo na kumbukumbu za usajili itawezaje kudai haki yake? Tena fedha iliyoandikwa si fedha iliyopokewa. Simba ilipomuuza Emmanuel Okwi kwa Étoile du Sahel ya Tunisia mwaka 2013 kwa dola 300,000, malipo yalichelewa hata shauri likafikishwa FIFA.

Kuna chanzo cha tano ambacho wengi hukisahau, nacho ni jina na nembo. Mfano wake mzuri watoka katika timu ya jeshi. Steaua ya Bucharest, Romania, ilitwaa Kombe la Ulaya mwaka 1986 ikiwa timu ya jeshi. Mwaka 1998 idara ya kandanda ilitengwa na Wizara ya Ulinzi, na baadaye ikawa mikononi mwa watu binafsi. Mwaka 2011 wizara ilifungua mashtaka kuhusu matumizi ya jina, na mwezi Desemba 2014 timu ile ikalazimika kucheza bila jina wala nembo yake. Tangu mwaka 2017 inaitwa FCSB. Wachezaji walikuwapo, kocha alikuwapo, mashabiki walikuwapo. Kilichokosekana ni hati ya kuthibitisha kwamba jina ni lao.

Ndugu wasikilizaji, mfano huo unatuleta nyumbani. APR, iliyoanzishwa mwaka 1993, ni timu ya jeshi, na Police FC ni timu ya polisi. Kenya ina Ulinzi Stars, iliyopata kuwa bingwa wa nchi mara nne. Uganda ilikuwa na Simba ya jeshi, iliyofika fainali ya klabu bingwa za Afrika mwaka 1972. Timu za namna hii zina hazina ambayo klabu nyingi za kiraia huitamani: nidhamu, mishahara inayofika kwa wakati, na viongozi wanaojulikana. Nidhamu hiyo ni mtaji.

Hata hivyo lazima tutofautishe mambo mawili. Ruzuku ya taasisi huipa timu nguvu, lakini si mapato ya timu. Ruzuku hutegemea uamuzi wa mtoaji, na mtoaji ana wajibu mwingine mkubwa zaidi ya kandanda, yaani ulinzi wa nchi na usalama wa raia. Kipimo cha haki, kwa hiyo, ni swali hili: ruzuku ikiondolewa kesho asubuhi, ni nini kitakachobaki? Ikiwa patabaki mashabiki wanaolipa kiingilio, wadhamini wenye mikataba, vijana waliosajiliwa ipasavyo, na jina lililolindwa kisheria, timu hiyo ina thamani. Ikiwa patabaki picha za vikombe peke yake, basi thamani ilikuwa ya mfadhili, wala si ya timu.

Je, faida ya mwaka huu ndiyo hukata shauri? La hasha. Chelsea ya London iliuzwa mwaka 2022 kwa paundi bilioni 2.5, ingawa kwa miaka mingi ilikuwa ikitumia zaidi ya ilichopata. Wanunuzi walitazama ligi, jiji, jina na miaka ijayo. Kinyume chake, Bury ya Uingereza, klabu iliyoanzishwa mwaka 1885, ilifukuzwa katika ligi mwezi Agosti 2019 kwa sababu ya hali mbaya ya fedha, miezi michache tu baada ya kupanda daraja. Umri na ushindi havikuiokoa.

Basi askari anayerudi Kabeza jioni, awe amefurahi au amenuna, na akumbuke kwamba tiketi aliyoinunua ni sehemu ya thamani ya timu yake, na kwamba ana haki ya kujua fedha yake imeandikwa wapi. Wazee wenye maduka walikwisha kutuambia: mali bila daftari hupotea bila habari.